Bisibisi na Taa ya Oveni

Jumamosi asubuhi mama alikuwa ameshasali, ameshafunga kitambaa kichwani, na ameshaoka keki ya kwanza. Keki yenyewe ilikuwa imebonyea katikati kama mto uliolaliwa.

"Ni hii taa," alisema, akigonga kioo cha mlango wa oveni. "Imekataa kuwaka tangu juzi. Nisipofungua mlango sioni kitu. Nikifungua, baridi inaingia na keki inakaa chini."

Keki ilikuwa ya mkunga wa zahanati, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa na sasa alikuwa anastaafu. Wenzake wangemuaga saa kumi jioni. Mayai yaliyobaki yalitosha keki moja tu, na mama hakuwahi kumwangusha mteja.

Kijana wake mkubwa alimulika kioo kwa tochi. Akaona uso wake mwenyewe.

"Keki ina sura mbaya hiyo!" dada yake alimtania.

Binti huyo alikuwa darasa la sita. Nyumbani walimwita Bisibisi, kwa sababu kitu chenye skrubu kilikuwa hakipiti salama mikononi mwake.

"Mama, niachie mimi," alisema.

"Tumekwisha," kaka yake alicheka. "Redio aliyoifungua mpaka leo inakohoa."

"Inakohoa, lakini inasema!"

Mama aliwatazama wote wawili. "Haya, fanya. Ila mkono wako usiingie humo kabla sijakuruhusu." Alizima swichi ukutani, akachomoa waya, kisha wakasubiri. Oveni ilipopoa, mama aliingiza mkono wake kwanza ndipo akasema, "Sasa."

Kifuniko cha kioo kilikuwa kimegandia kwa mafuta. Bisibisi alikishika kwa kitambaa kikavu, akakizungusha pole pole mpaka kikaachia. Akafungua balbu, akaitikisa karibu na sikio. Ililia chiri-chiri.

"Waya wa ndani umekatika. Balbu ndiyo imekufa."

Sasa, nyumba ile ilikuwa na tabia yake: balbu zilihama kama wapangaji. Ya chooni ikiungua, ya stoo ilihamia chooni, na stoo ikabaki gizani mpaka Mungu atakapojalia. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kaka mtu aliposema, "Ya friji inalingana na hiyo." Alichomoa waya wa friji, akaitoa balbu. Bisibisi akaifunga kwenye oveni, nayo ikaingia kama imezaliwa humo. Mama aliporudisha umeme, oveni iling'aa mpaka kwenye kona.

"Fundi! Leo umenifunga mdomo," kaka yake alisema.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama alisema, na tayari alikuwa ameshika yai.

Bisibisi alikuwa akifuta masizi kwenye balbu iliyokufa. Chini ya masizi aliona maandishi madogo: 300°C. Kwenye balbu ya friji hakuwa ameona maandishi ya joto popote. Angeweza kunyamaza. Sifa alishazipata, na saa ilikuwa inakwenda.

"Mama, usilivunje hilo yai."

"Kuna nini tena?"

"Hii ya zamani imeandikwa kiasi cha joto inachovumilia. Ile ya friji haikuandikwa. Kazi yake ni kukaa kwenye baridi."

"Si inawaka?" kaka yake alisema.

"Inawaka kwa sababu oveni haina moto. Ikipasuka humo ndani, utakula wewe hiyo keki?"

Mama alimkazia macho. "Una hakika itapasuka?"

"Sina. Nina hakika tu kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya moto."

Mama alilirudisha yai kwenye bakuli. "Izimeni. Wewe Bisibisi, kimbia dukani, na hiyo iliyokufa uende nayo."

Mwenye duka la vifaa vya umeme aliipokea balbu, akatabasamu. "Angalau wewe umeileta. Wengine huja kunichorea hewani." Akampa nyingine yenye maandishi yale yale.

Safari hii walipochomoa waya, wakaifunga balbu mpya na kuwasha, mama alichanganya keki bila wasiwasi. Wote watatu wakakaa sakafuni mbele ya kioo kama wanaotazama televisheni. Keki ilipanda taratibu, ikapata rangi, ikatulia. Hakuna aliyegusa mlango.

Saa tisa na nusu nesi kutoka zahanati alikuja kuichukua. Aliondoka nayo akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Mama alifunga mlango, akamgeukia binti yake.

"Taa ilipowaka mara ya kwanza nilifurahi," alisema. "Lakini ulipokubali izimwe, na sifa umeshapewa, hapo ndipo nilipojua nina fundi humu ndani. Kazi ikionekana imekubali, mwanangu, ikague tena kabla ya kupokea hongera. Na ukiona kasoro, sema, hata kama ni wewe peke yako uliyeiona."

Akavua aproni yake, akamfungia kiunoni. "Jumamosi ijayo utaoka wewe. Mimi nitakaa nitazame."