Magunia Yote ya Kanazi

Jumamosi, saa kumi jioni. Chumba cha nyuma, kilabu cha pombe ya rubisi cha Theopista. Mwijage alichora ghala la kahawa la Kanazi kwa kijiti, kwenye sakafu ya udongo.

"Kesho mlinzi yuko misani. Tunavunja, tunapakia, tunakimbiza Muleba. Mtumbwi wa kisiwa cha Goziba unasubiri. Kahawa inavuka kwenda Uganda."

"Magunia mangapi?" Ildefons aliuliza.

"Yote."

"Watu watatu?"

"Unataka nimlete na bibi yako?"

Josia, dereva, hakucheka. Alikuwa amesinzia ukutani, kahawa ya kutafuna shavuni. Wiki nzima, mchana alilima shamba la kijiji cha ujamaa, usiku aliendesha lori la Mwijage. Alikuwa mume wa Jovita, dada yake Ildefons. Jovita alikuwa mjamzito. Alikuwa amemwambia kaka yake neno moja tu: mrudishe.

"Bosi, huyu kaisha. Tafuta dereva mwingine."

"Dereva mwingine ni mdomo mwingine. Atafune kahawa."

Jumapili, saa tatu asubuhi. Kufuli lilivunjika. Mwijage alisimama mlangoni na panga. Wawili walibeba.

"Josia! Gunia!"

"Mzee, nabeba au naendesha?"

"Vyote."

Saa tano. Mwijage alikaa mbele na dereva. Ildefons alitupwa nyuma, juu ya mzigo. Kila kona alipiga paa la lori kwa ngumi, Josia asisinzie. Josia alijibu kwa honi.

Walipoanza kuteremka ziwani, alipiga. Honi haikulia. Akapiga kwa mikono miwili.

Lori liliacha barabara, likabingirika migombani.

Ildefons alijikuta chini, mdomo umejaa udongo. Mwijage alichomoka dirishani mzima. Josia alikuwa ndani, ukuta wa nyuma umepasuka, magunia yamemlalia kifuani.

"Bosi! Tumtoe!"

Mwijage alinyanyua gunia moja. La kwanza siku hiyo. Akajitwika begani, akashuka nalo ziwani.

Ildefons alishika lililofuata. Mikono iliteleza. Akajaribu kwa mgongo. Gunia halikusogea.

"Shemeji," Josia alisema taratibu, "acha nilale kidogo."

"Usilale! Josia, usilale!"

Filimbi ya mgambo ililia barabarani. Ikapita, ikielekea upande wa pili.

"Tuko huku!" Ildefons alipiga kelele. "Wezi tuko huku! Njooni!"