Alhamisi ya Dada

Katika kisa hiki mjinga ni Kasuku mwenyewe, na mpaka leo hajatokea wa kumpokonya cheo hicho.

Jina hilo alipewa darasani, kwa sababu neno likimwingia sikioni halilali humo, hutokea mdomoni. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, dada yake wa miaka kumi na minne, na mama yao, fundi cherehani, ambaye chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Asubuhi zao zilifanana. Mama anakanyaga cherehani, Kasuku anatafuta soksi ya pili, na dada anachomoa waya wa pasi, anafika mlangoni, anarudi kuutazama, anafika mlangoni, anarudi tena. Alikuwa hivyo tangu pasi ilipounguza kitambaa na moto ukashika chumba, naye akiwa ndani. Majirani walimtoa salama, lakini hofu ilitoka naye.

Sasa kila Alhamisi alasiri mama alifunga duka na kumpeleka dada zahanati, kwa mshauri nasaha. Kule kufunga duka ndiko kulikomchoma Kasuku. Yeye alipougua malaria, mama alimpangusa jasho kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukisukuma kitambaa kwenye sindano. Leo dada, asiye na homa wala jipu, anafungiwa duka na kushikwa mkono njia nzima.

"Na mimi nitaumwa," alijiapia.

Jumanne asubuhi akaanza. Alichomoa waya wa pasi, akaenda mlangoni, akarudi akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Mwanangu," mama alisema bila kuinua kichwa, "umeme umekatika tangu jana. Unaogopa pasi ya baridi?"

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu moto ule wa miezi mitatu nyuma, lakini Kasuku hakuliona hilo. Wivu ulikuwa umemjaa hadi machoni. Wakati wa mapumziko alimnong'oneza rafiki yake, Kidevu, kwamba dada yake anatibiwa na daktari wa vichaa. Kufikia saa sita shule yao nzima ilikuwa na neno hilo.

Alhamisi ilipofika dada alikataa kwenda. Alikaa kitandani na sare yake, amekumbatia magoti.

"Sirudi kule, mama. Wanasema mimi kichaa."

"Nani kasema?"

Dada alificha uso magotini. Asubuhi hiyo alikuwa amerudi kutazama pasi mara kumi na mbili. Kasuku alihesabu, na sasa hesabu hiyo ilimsuta.

"Mimi, mama. Nimesema mimi."

Alisubiri kofi. Mama alichukua ufunguo tu. "Vaa viatu. Nafasi ya leo tumeshawekewa. Utaikalia wewe."

Basi duka likafungwa kwa ajili yake, kama alivyotamani. Ila njia nzima hakushikwa mkono.

Chumba kilikuwa na viti viwili na jagi la maji. Mshauri alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Sindano ziko wapi?" Kasuku aliuliza.

"Hapa hatuchomi. Mtu anasema kinachomtisha, tunakitazama pamoja, kisha anafanya mazoezi kidogo kidogo mpaka woga upungue. Huchukua wiki nyingi, na hatumlazimishi mtu."

"Dada anakwambia nini?"

"Ya dada ni ya dada. Sema yako."

Kasuku alitazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza maneno yalimgomea. "Nataka mama anifungie duka na mimi," alisema mwishowe, machozi yakamshuka.

Mshauri hakucheka. "Hilo ni la kweli, na ulistahili kumwambia mama hivyo hivyo. Kuiga maumivu ya mwenzako hakukupi anachopewa, na kuyatangaza kunamnyima yeye. Aliyeumia moyoni anahitaji msaada kama aliyeumia mguu. Na siri yake, mwenye kuitoa ni yeye."

Njiani Kasuku alimwambia mama hivyo hivyo. Mama akamshika mkono. "Jumamosi alasiri cherehani itapumzika. Wewe na mimi."

Dada alikuwa akiwasubiri mlangoni. "Amekwambia nini juu yangu?"

"Nilimuuliza. Amekataa katakata. Nisamehe, dada."

Dada akampisha mlangoni. "Wiki ijayo nitakwenda. Si kwa ajili yako, usijidai."

Akaenda, na wiki zilizofuata pia. Mwezi ulipoisha alikuwa akirudi kutazama pasi mara mbili tu. Siku moja Kidevu alikuja dukani kufuata suruali yake ya shule, akachungulia ndani.

"Mama, eti mtu mwenye akili zake anakwenda kwa mshauri kufanya nini? Si angeongea na nyinyi tu hapa nyumbani?"

Mama alikata uzi kwa meno.

"Mwaka jana ulipovunjika mkono, mwanangu, mbona hukuniletea mimi niushone?"