Kivuli cha Meza ya Tano

Rumena alijua kuna kitu hakijakaa sawa siku alipotafuna pilipili ya kuchoma, ile nyembamba inayowatoa wanaume machozi, akaimaliza kama anayekula tango. Alichukua ya pili kujaribu. Haikuwa na ukali wala chumvi. Akasema moyoni pengine ni mafua, akaendelea kupanga sahani, maana wageni kumi na wanane walikuwa barazani wakisubiri chakula cha mchana.

Baraza ndilo lililowaleta. Stamen, mumewe, alikuwa na shamba la mizabibu la marehemu baba yake juu ya mji mdogo wa Melnik, Bulgaria, vyumba sita vya kifahari, na divai nzuri, lakini hayo hata jirani anayo. Alichotaka yeye ni baraza la mawe ukingoni kabisa mwa mlima wa mchanga, ili mgeni ainue glasi na kuona mizabibu yote chini yake hadi mtoni. Mchanga ulikataa. Baraza lilibomoka mwezi wa tano, likabomoka tena mwezi wa saba, kona ileile. Mara ya tatu lilisimama, na tangu hapo halikupata ufa hata wa unywele.

Siku hiyohiyo ya pilipili, mama mmoja wa Kiholanzi anayependa kupiga picha alimwita Rumena amwonyeshe picha ya asubuhi. Meza zilionekana, wageni walionekana, na Rumena katikati ameshika sinia. Kila mtu alikuwa na kivuli chake juu ya mawe. Rumena hakuwa nacho. Kivuli cha mwanamke kililala chini ya meza ya tano, ya pembeni kwenye ile kona iliyobomoka, ambako hakuna aliyekaa. Yule mama alisema simu yake imezeeka, akacheka, na Rumena akacheka naye kwa mdomo tu.

Baada ya hapo ikaja harufu ya chokaa mbichi. Ilianzia jikoni, ikahamia kwenye mashuka, kisha wageni wakaanza kurudisha divai wakisema ina ladha ya ukuta. Walioketi meza ya tano walihama mmoja mmoja, jua likiwa utosini, wakiomba mablanketi. Chini ya mawe palisikika mtu akitembea na kandambili, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo. Rumena alisikiliza akiwa amesimama wima, miguu yake imetulia, na akaitambua ile kandambili. Ilikuwa yake.

Alipaswa kuogopa. Alijua hivyo, na akaingoja hofu ije kama mtu anavyongoja chafya, lakini haikuja, wala jioni haikuja, wala kesho yake, na siku ya tatu aliposhika kikaango cha chuma kwa mkono mtupu na kukitoa motoni na kukibeba taratibu hadi mezani na kukiweka chini na kupangusa mikono kwenye aproni, alikuwa bado anafikiria kama vitunguu vitatosha, hadi harufu ya nyama isiyokuwemo kwenye kikaango ilipomfikia, akatazama kiganja chake.

Stamen alikuja amebeba kreti la chupa, akabisha mlango wa jikoni kwa mguu kama kawaida yake akiwa na mikono mizito: mara mbili, kimya, mara moja. Alipouona ule mkono nusura aangushe zote. Alimfunga bandeji. Rumena alimtazama usoni. Alijua kwamba amempenda mtu huyu miaka kumi na mmoja, kama unavyojua namba ya nyumba uliyokwisha kuhama.

"Huumii?" Stamen alimnong'oneza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Sisikii kitu, Stamen. Hata wewe."

Mchana huohuo Stamen akateremka kwa mzee Velko, fundi mwashi aliyelisimamisha baraza. Alimkuta anachekecha mchanga.

"Nilipima kivuli," mzee Velko alisema bila kuinua macho. "Ulisema nifanye ninachojua, mradi lisimame. Ulidhani najua nini kingine?"

"Cha nani?"

"Cha aliyetokea wa kwanza asubuhi. Aliyeleta mkate na kahawa."

Kwetu hata mtoto hapiti karibu na msingi unaojengwa. Waashi wa zamani, ukuta ukiwagomea, hungoja mtu wa kwanza kupita, wakakipima kivuli chake kwa uzi mwekundu, na uzi wakaujengea ndani. Mwenye kivuli hufa kabla siku arobaini hazijaisha, na hubaki pale kuwa jini la jengo, talasam, akilishikilia lisianguke. Stamen alilijua hilo alipotoa ile ruhusa. Alidhani atapita mchunga mbuzi, mtu asiyemhusu, nami simfichii: aibu hiyo aliistahili. Mkate wa mafundi ulikuwa zamu yake kila asubuhi. Siku ile alilala akapitiliza, Rumena akamhurumia, akaupeleka.

Bibi Zlata, mganga wa kijiji anayetibu hofu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, alimfunika Rumena kitambaa kichwani akaimimina risasi kwenye bakuli la maji. Kwa kawaida huganda umbo fulani, na bibi amewahi kuona humo mbwa, farasi na mama wakwe wa kila aina. Safari hii iliganda bapa, bila umbo lolote.

"Leo ni siku ya thelathini na sita tangu apimwe," bibi alisema. "Vunja kona, toa uzi, uuchome. Baraza litaondoka, na liende."

"Wageni wanaondoka Jumapili," Stamen akasema. "Tusubiri waondoke?"

 Rumena alisema kwake ni sawasawa. Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomliza mumewe njia nzima.

Jumapili, siku ya thelathini na tisa, Stamen alimwambia akae ndani, akavunja kona peke yake. Saa saba aliingia na uzi mwekundu, akautupa kwenye jiko. Kwanza yalirudi maumivu ya mkono, yote kwa mpigo, Rumena akapiga ukelele. Kisha harufu ya kahawa. Kisha jasho la Stamen, na hapo alimng'ang'ania akalia, akicheka, akimwita majina ambayo hakumwita tangu walipokuwa wachumba. Stamen alisema ataziba ile kona kwa saruji. "Likianguka, lianguke," alisema.

Halikuanguka. Mvua ilipiga siku tatu, ukuta wa jirani ukaenda na maji, baraza likabaki. Rumena hakuuliza. Furaha ilikuwa imemjaa, na mavuno yalikuwa yameanza.

Siku ya tisa tangu kona izibwe, Stamen alikunywa kahawa iliyokuwa ikichemka, bila kuipuliza. Rumena akamsogezea pilipili ya kuchoma. Aliila kama tango. Rumena akageukia dirisha, na chini ya meza ya tano aliona kivuli cha mwanamume mwenye kofia kama ya Stamen.

"Ulijipima," alisema kwa sauti ya chini.

"Mkate ulikuwa zamu yangu."

"Tunavunja sasa hivi."

"Wageni wamejaa," Stamen alijibu kwa utulivu, akipangusa mdomo. "Subiri waondoke."

Wa mwisho wangeondoka siku ya arobaini na moja tangu Stamen ajipime.

Rumena alichukua nyundo kubwa. Aliwaomba wageni waliokuwa barazani wahamie kwenye majani, na walitii kwa furaha, glasi mkononi, wakidhani ni mila ya mavuno, wakanyoosha simu. Aliisukuma meza ya tano, akapiga. Saruji ya Stamen haikumeguka hata punje. Akapiga tena, kidonda cha kiganja kikafunguka, kikamuuma, naye akayashukuru yale maumivu. Wageni wakapiga makofi.

Makofi yalipokwisha, chini ya jiwe kulibishwa. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Kwenye majani, Stamen alikuwa amesimama na chupa, akimmiminia mgeni divai, na glasi ilikuwa imejaa, na divai ikafurika juu ya mkono wa mgeni na juu ya viatu vyake, naye akaendelea kumimina.

Rumena aliinua nyundo tena.