Kijiko cha Chini

Issa alianza kula kwa mkono wa kushoto. Dada yake, Mwanaisha, aliliona hilo siku ya tatu tangu wahamishiwe kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kitaya, akamkemea kama mtoto mdogo. Issa aliutazama mkono wake kwa mshangao.

"Si mimi, dada. Ananilisha yeye."

Huyo "yeye" alikuja na harufu ya udi, katika nyumba isiyokuwa hata na chetezo. Kisha kikaja kikohozi cha kizee, nyuma ya ukuta ambako hakukuwa na mtu. Issa aliacha kwenda shamba la kijiji, akaacha kuoga, akawa anajibizana na kona ya chumba mchana kutwa. Mganga alikula jogoo wawili, akasema jini huyu mkaidi, akaenda zake. Hospitali mjini walitoa vidonge. Issa akavitupa chooni.

"Wanataka nilale, dada, ili yeye abaki peke yake."

Balozi wa nyumba kumi alitoa wiki mbili: Issa apone, la sivyo atafungwa kamba apelekwe kwa vichaa, Dodoma. Mwanaisha ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki.

Akaenda zahanati kuchukua vidonge vingine. "Msagie kwenye uji," alinong'ona Sabina, muuguzi. "Ila wewe usionje hata tone. Unanyonyesha."

Rahisi kusema. Kwao mpishi huonja kwanza mbele ya mlaji, kuondoa sumu, na Issa siku hizo hakula cha mtu yeyote ila cha dada yake, tena mpaka amwone akionja. Basi Mwanaisha alitandaza unga wa vidonge chini ya bakuli, akamimina uji mzito wa muhogo juu yake taratibu, akaonja kijiko cha juu huku ndugu yake akimtazama. Aliona aibu, lakini alifanya.

Siku tisa. Udi ukapotea. Issa akaoga, akaomba jembe, akambeba mpwa wake akimwimbia. Mwanaisha alilia kwa furaha nyuma ya jiko.

Siku ya kumi, saa sita mchana, udi ulirudi. Issa alichota uji kutoka chini kabisa ya bakuli, akamnyooshea dada yake kijiko.

"Anasema unanitilia," alisema kwa sauti ndogo. "Nimemwambia mwongo. Onja cha chini, dada. Onja, anyamaze."

Mwanaisha alipeleka mkono. Mtoto akajinyoosha mgongoni, akalilia ziwa. Mkono ukasita kidogo tu, lakini Issa aliuona ukisita, na macho yake yakajaa machozi, kisha machozi yakakauka palepale kama maji juu ya kikaango, na kile kikohozi ambacho siku zote kilikuwa nyuma ya ukuta kikatoka safari hii ndani ya kifua chake mwenyewe, polepole, kama mtu anayejiweka sawa kitini baada ya kungojea sana mlangoni, huku udi ukimkaba Mwanaisha mpaka akashindwa kupiga kelele.

"Ahsante, bibie," ilisema sauti ya kizee, kwa upole. "Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwamini."

Mwanaisha alilinyakua bakuli akalinywa lote mbele yake. Ilikuwa bure. Tangu hapo Issa hakugusa chakula cha dada yake. Mwanaisha alipika uji, wali, samaki, akaonja juu akaonja chini, akapiga magoti. Vyote vilichacha.

Siku ya nne baada ya hapo balozi alifika na wanaume na kamba. Mwanaisha aliwazuia mlangoni, akaita kwa sauti iliyokauka, "Issa! Mdogo wangu! Itika!"

Kisha, kutoka gizani mle ndani, ile sauti ikajibu bila haraka:

"Alikuita jana kutwa. Ulikuwa jikoni, unampikia."