Nani Alisoma Barua ya Helvi?

Helvi Rantala alikuwa mkunga mjini Oulu. Kila asubuhi alikunywa kahawa, kisha akaketi kwenye kompyuta ya nyumbani kumwandikia dada yake. Mumewe, Tarmo, aliitumia kompyuta hiyohiyo kucheza karata.

Siku moja Helvi alikutana dukani na Reijo, anayefanya kazi na Tarmo.

"Nasikia unauza kile kibanda cha ziwani," Reijo alisema.

Helvi aliganda. Kibanda hicho alikirithi kwa mama yake. Wazo la kukiuza aliliandika katika barua moja tu, na hata hakuwa ameituma. Nani kaisoma, kama si Tarmo?

Tangu hapo akawa anamtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Tarmo akikaa kwenye kompyuta, Helvi anapita nyuma yake.

"Mbona unanichunga?"

"Nani anakuchunga? Napita tu."

Wiki ikaisha hivyo. Mwishowe Helvi akamwita jirani yao Pirkko, fundi wa mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazosimamia kompyuta.

"Programu moja inaweza kuchungulia nyingine?" Helvi aliuliza.

"Kwenye kumbukumbu, zinamofanyia kazi, hapana. Mfumo umeipa kila programu chumba chake. Ikigusa cha mwenzake, inasimamishwa palepale."

"Basi ni Tarmo."

"Usiwe na haraka. Barua yako iko kwenye diski. Programu haifiki huko yenyewe, wala haitumi kitu mtandaoni yenyewe. Lazima iuombe mfumo: nifungulie faili hili, nitumie hiki. Na maombi hayo tunaweza kuyaona."

Pirkko akaufungua mchezo wa karata, huku maombi yake yakiorodheshwa pembeni. Fungua picha za karata. Fungua barua ya Helvi. Soma. Tuma nje.

Helvi akaisoma orodha tena. "Mchezo huu ulitoka wapi?"

Tarmo alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa Reijo. Kautengeneza mwenyewe."

"Na mfumo ukakubali tu?"

"Nyote mnaingia kwa jina moja," Pirkko alijibu. "Mfumo ulidhani mwenye barua ndiye anayeiomba."

Wakaufuta mchezo. Pirkko akampa kila mmoja akaunti yake na neno lake la siri, na barua za Helvi zikawa za Helvi peke yake. Tarmo akajaribu kufungua moja kutoka akaunti yake. Mfumo ukamjibu: Huna ruhusa.

Reijo hakualikwa tena kwao kuoga mvuke kwenye sauna.

Pirkko alipoondoka, Tarmo aliuliza taratibu, "Kwa hiyo wiki nzima ulidhani ni mimi?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Na kibanda?"

"Sijaamua. Nilitaka kumuuliza dada kwanza."

"Basi mtumie barua yake. Mimi utaniambia ukiwa tayari."

Helvi akaituma. Kisha akavuta kiti cha pili karibu na chake, akamwambia mumewe yote yaliyokuwa ndani ya barua.