Usikalie Kiti Changu

Mke wangu alikuwa na siku arobaini na moja kaburini aliponiandikia nisikalie kiti chake.

Nami nilikuwa nimekikalia.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limewaka juu ya mawe ya Ilemela. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikavaa miwani, nikasoma jina la mtumaji.

Wilhelmina.

"Mayala, ukirudi usikalie kiti changu cha mbao. Mguu wa nyuma umelegea, utakuangusha."

Nikainuka taratibu. Nikaushika ule mguu wa nyuma, nikautikisa kidogo tu...

Ukabaki mkononi mwangu.

Wadau, mimi si mtu wa kutishika ovyo. Nimelala kwenye mashimo ya dhahabu Chunya, nimevua dagaa visiwani, nimekuwa utingo wa malori mpaka Kasulu. Shule nilisoma vipande vipande, darasa huku, darasa kule. Lakini siku ile nilitoka nje nikasimama juani, mguu wa kiti bado nimeushika.

"Baba, vipi?"

Huyo ni Sabina, binti yetu, mwalimu wa sekondari kule Sengerema. Alikuja likizo tupange vitu vya marehemu. Alikuwa chumbani anachapa mitihani kwenye kompyuta ya mama yake.

"Hamna kitu," nikamwambia.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Wilhelmina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu akaenda mafunzo ya kompyuta ya siku tatu pale parokiani, akarudi anajiona injinia. Akanifungulia anwani ya barua pepe, akaniandikia kwenye kikaratasi pamoja na neno la siri.

"Laini zako za simu zinakufa kila mwezi," aliniambia. "Hii haifi. Popote utakapotangatanga, ingia kwenye kompyuta utanikuta."

Nikaondoka. Miaka mitatu.

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa natafuta kompyuta ya kulipia, nafungua ile anwani; simu hii inayopokea barua pepe nimeinunua juzi tu niliporudi.

Tupu.

Mwezi wa pili, tupu. Mwezi wa tano, tupu. Nikasema basi, kama yeye haanzi, na mimi sianzi. Kiburi hicho nakitaja mwenyewe, msije mkanitajia nyie.

Siku niliyorudi nikakuta kaburi limeshasakafiwa.

Aliumwa miezi minne. Hakuna aliyenitafuta. Na wa kunitafuta alikuwa mmoja tu... Sabina. Kwa hiyo tulikuwa tunakaa nyumba moja, tunapeana shikamoo na marahaba, halafu kimya.

Siku ya tatu baada ya kiti, simu ikatetemeka tena.

"Najua ukifika tu utakuwa umeshatoa pazia la dirisha la ziwani. Wewe ukuta unakubana. Lirudishe, jua linaharibu vitabu vyangu."

Nikageuza shingo. Pazia nilikuwa nimelitoa asubuhi ile ile, limelala sakafuni.

Usingizi ukanihama. Nikawa naingia chumbani kwake nikiangalia pembeni, kama mtu aliyechelewa misa. Nikiona kivuli cha mti kinapita ukutani, nasema, "Nalirudisha, mama Sabina, nalirudisha."

Barua ya tatu ndiyo ilinifumbua macho, au nilidhani hivyo. Sabina alichukua simu yake, akaiunganishia kompyuta intaneti ili atume mitihani shuleni kwake. Dakika tano hazikufika. Mfukoni kwangu, trrr...

Nikakumbuka ya kwanza. Alikuwa kwenye kompyuta. Ya pili, alikuwa kwenye kompyuta.

Nikasimama mlangoni.

"Neno la siri la mama yako unalijua?"

"Nalijua. Nilimsaidia kulichagua."

"Basi acha kunichezea."

"Kukuchezea nini, Baba?"

Nikamsogezea simu usoni. Akasoma. Akanirudishia simu.

"Sijaandika mimi hii. Barua za mama sijawahi kuzifungua. Naziogopa."

"Muongo wewe."

Akafunika kompyuta polepole.

"Muongo ni mimi? Mama alikuandikia barua baada ya barua. Alipoanza kuumwa akakuandikia. Alikusubiri, Baba. Hukumjibu hata salamu."

"Sikupata barua hata moja."

"Hata moja." Akacheka kicheko kibaya. "Haya. Na mimi ndiye muongo."

"Toka nyumbani kwangu, Sabina."

Nyumba ile aliijenga mama yake kwa mshahara wake wa ualimu. Sabina hakunikumbusha hilo. Alibeba begi lake akashuka kwenda kupanda kivuko cha Kamanga, simu akaizima.

Siku ya kwanza, hakuna barua. Ya pili, hakuna. Ya nne, kimya.

Nikajisemea, nimemkamata.

Lakini ile mashine pale mezani sikuweza kuitazama. Nikaiviringisha kwenye blanketi, nikaipeleka Nyakato kwa Obedi, fundi kompyuta. Huyo kijana wa zamani tumefahamiana tangu ana redio mbovu mbili tu.

"Mzee Mayala, shikamoo. Umetuletea mgonjwa?"

"Marahaba, ngosha. Nataka ufute kila kitu kilichomo humu."

"Kila kitu?"

"Kisibaki hata kimoja."

"Mzee, mimi sifuti kabla ya kutazama. Mwaka jana nilimfutia mtu picha za harusi, mpaka leo tukikutana anavuka barabara."

Akaiwasha, akaiunganisha na intaneti ya dukani kwake.

Sabina yuko Sengerema. Simu yangu iko mfukoni.

Trrr...

Wadau, nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, katikati ya nyaya.

"Mzee, ni presha?"

Nikampa simu. Akasoma jina, akanitazama. Msibani alikuwepo, jeneza alilibeba. Akaigeukia kompyuta, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kisha akashusha pumzi.

"Njoo uone. Hapa pameandikwa Outbox. Ni kikasha cha barua zinazosubiri kutoka. Mama alikuwa na kimodemu cha intaneti?"

"Kilikuwepo. Sabina alipokuja likizo alikikuta kimekufa siku nyingi. Lakini anasema mama yake aliandika na kutuma."

"Zinaondoka machoni, mzee. Ukibonyeza Tuma, barua inatoka mbele yako, unajua imefika. Kumbe bila intaneti inaingia humu, inakaa. Na kila moja kaiwekea picha kubwa, nzito kama gunia. Mtu akiwasha intaneti dakika chache, inapenya moja, zilizobaki zinangoja tena."

"Kwa hiyo Sabina..."

"Sabina aliwasha intaneti tu. Angalia tarehe hapa. Hizi za kiti na pazia zina miaka miwili na nusu."

Aliandika miaka miwili na nusu nyuma kwamba nitatoa pazia. Hakuwa ananiona. Alikuwa ananijua.

Nikaisoma ile iliyoingia pale dukani. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Mayala, hali yangu si nzuri. Sabina anataka akutangaze redioni. Nimemkataza. Nimeshakuandikia mwenyewe, na mwenye kuja atakuja. Ukichelewa usimfokee mtoto. Amri ni yangu."

Nilikuwa nimeshamfokea.

"Nifute?" Obedi akauliza.

"Thubutu."

Nikaifunga tena kwenye blanketi, nikashuka kivukoni. Ziwa zima nimelivuka nimeipakata.

Sabina alikuwa nje ya nyumba yake anafua. Aliponiona hakuinuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja na mama yako."

Nikamweleza yote, nimesimama, kofia mkononi. Nikamwambia sikupata barua kweli, na yeye hakusema uongo kweli, na kati yetu mwenye kosa la kufukuza mtu ni mimi. Alifuta mikono kwenye kanga. Akawasha kompyuta, akawasha intaneti ya simu yake.

Kwenye kikasha ilikuwa imebaki moja. Tuliitazama ikijikokota, tumekaa bega kwa bega kwenye ngazi.

Trrr...

"Isome wewe, Baba."

Nikasoma kwa sauti.

"Mayala, leo nimempigia Sabina kumuuliza kama barua zinafika. Ameniuliza, ukibonyeza Tuma inaondoka mbele yako? Nikasema ndiyo. Akasema basi imefika, mama, usiwe na wasiwasi. Kwa hiyo unanisoma. Hata usipojibu, najua unanisoma. Inatosha."

Sabina alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia zimefika... Nilikuwa darasani, nilikuwa na haraka."

Mwezi mzima nilikuwa natafuta mtu wa kumtupia mzigo huu. Sasa kajileta mwenyewe, kainamisha shingo.

"Ulimwambia neno lililompa usingizi," nikamwambia. "Mimi sikumwambia lolote. Vaa viatu, turudi nyumbani."

Ndugu zangu mliozeeka kabla ya mashine hizi kuja, nisikilizeni. Ukibonyeza Tuma, usiinuke. Angalia kwanza kama intaneti ipo. Kisha nenda kwenye kikasha kilichoandikwa Sent, uione barua yako kwa macho yako. Usipoiona huko, haijaenda popote. Picha zipunguze ukubwa, au tuma moja moja. Na nyie watoto mliosoma, mzazi akipiga kuuliza kitu kidogo cha kompyuta, usimjibu huku unatembea.

Na wewe unayengoja mwenzako aanze... anza wewe.

Pazia nimelirudisha. Kompyuta nimeinunulia kimodemu kipya. Kiti nimekigongelea mguu mpya, ila sijakikalia.

Siku hizi nakaa sebuleni na simu yangu, namjibu Wilhelmina barua moja moja, kuanzia ile ya kwanza. Nachapa kwa kidole kimoja. Nabonyeza Tuma. Siinuki.

Chumbani, kwenye meza yake, kompyuta inalia mara moja.

Imefika.