Jina la Njambi Kwenye Bahasha

Tuseme mapema ili tusisumbuane: siku hiyo mjinga alikuwa Wambua. Alikuwa amekuja Kenyatta Market kutafuta nusu kilo ya mbuzi, macho mekundu, shati la bluu la tangu Alhamisi, tai ameisokota mfukoni. Wasusi walimvuta mkono kwa mazoea, wakaona kipara, wakamwachilia. Ndipo akamwona Njambi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, sketi ya jinzi, blauzi ya rangi ya machungwa. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa rasta nyembamba, nusu nyingine imesimama wima kama imepata habari mbaya. Wasusi wawili walikuwa wamemshika, mmoja huku, mmoja huku. Hangeweza kukimbia.

"Sasa, Njambi."

"Poa," alijibu bila kugeuza shingo. "Selpher, huyu akitaka kusukwa msuke. Kama hataki, apite."

Selpher, msusi wa upande wa kulia, akamkagua mgeni kutoka kipara hadi viatu. "Ndiye yule wa kompyuta?"

"Ndiye."

"Eh! Na vile ulimlilia, nilidhani ni mrefu."

Walikuwa wamependana miaka miwili, tangu Wambua alipopeleka karatasi za ofisi yake zikapigwe chapa River Road. Njambi, aliyepanga maandishi kwenye kompyuta ya duka la Mzee Mungai, alimwonyesha kwamba jina la kampuni yake mwenyewe alikuwa amelikosea. Tangu hapo waliandikiana barua pepe kila siku, ingawa kutoka ofisi moja hadi nyingine ni mwendo wa kumaliza mahindi ya kuchoma.

Kisha bosi wa Wambua akachoshwa na virusi. Akamwamuru aweke kichujio kwenye seva ya barua: programu ya kufungua kila barua inayopita, kuikagua, na kuizuia ikiwa na virusi. Wambua akaiweka. Tena kwa kujiona fundi, akaiagiza imrudishie kila mtumaji onyo kali. Asubuhi ya kwanza ilikamata barua mia mbili, zote zikiwa na jina la Njambi kama mtumaji. Kabla ya chai ya saa nne, maonyo mia mbili yalikuwa yamemiminika dukani River Road.

Mbele ya bosi wake, Wambua alipiga simu, akatoa sauti ya ofisi: "Mzee Mungai, mashine ya Njambi ni chafu. Asituandikie tena." Siku hiyo hiyo Mungai akamwondoa Njambi kwenye kompyuta, akamweka kukata karatasi nyuma ya duka. Njambi alimpigia Wambua mara tatu. Wambua aliitazama simu ikilia.

Wiki mbili zikapita, na virusi havikuisha. Siku tatu hizi za mwisho alikuwa akisafisha kompyuta za ofisi moja baada ya nyingine. Asubuhi ya leo, akiwa hana tena pa kutafuta, ndipo alipoisoma ile mistari ya juu ya barua inayoonyesha ilikotoka, mistari ambayo fundi huisoma kwanza. Zote mia mbili zilitoka kwenye kompyuta yake yeye. Kirusi kiliingia humo, kikafungua orodha yake ya anwani, kikachukua jina aliloliandikia mara nyingi kuliko yote, kikalibandika kwenye kila bahasha.

"Njambi, mpenzi, nimejua virusi vilitoka wapi. Twende kando nikwambie."

"Kando wapi? Huoni nimeshikwa kichwa?"

Wambua akainama sikioni. "Ni kompyuta yangu."

"Sijasikia."

"Ni kompyuta yangu!"

Wasusi wakaacha kusuka. Hata mkata nyama wa kibanda cha pili alisimamisha kisu.

"Kumbe ugonjwa ulikuwa kwako," Selpher akasema, "na dawa ukampelekea jirani?"

"Nitamwambia Mungai, haki ya Mungu," Wambua akamsihi Njambi. "Jumatatu. Polepole. Bosi wangu akijua ni mimi, babe, nimefutwa."

Njambi akanyoosha vidole. Vitatu vilikuwa na plasta. "Mimi nakata karatasi wiki ya pili sasa. Na hukunichafua polepole. Ulichukua simu, watu wakisikia. Hiyo simu iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni, chini ya tai. Wambua akaitoa, akabonyeza namba kama mtu anayejidunga sindano.

"Mzee Mungai? Ni Wambua. Ile vairasi haikuwa ya Njambi. Ilikuwa yangu."

Sauti ya Mungai haikuhitaji spika. "Yenu hapo ofisini, ama yako wewe?"

"Yangu mimi."

"Basi uandike hivyo kwa karatasi ya kampuni. Bosi wako aweke sahihi. Nikiipata, msichana anarudi kwa mashine."

"Lazima bosi, mzee?"

"Ulitaka chifu?" Mungai akakata simu.

Wambua alibaki ameikodolea macho. Jumatatu ilikuwa imeshamkalia kifuani. "Nitaandika," akasema, na safari hii hakumwangalia mtu. "Akinifuta, anifute."

Njambi alichukua mkoba wake kwenye kigoda cha pembeni, akaupakata. Wambua akaketi hapo, magoti yakamfikia kidevuni, uchovu wa siku zote ukamshukia kwa pamoja. Mwenye akili angenyamaza hapo, aagize nyama.

"Lakini na wewe unielewe kidogo, dear," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Barua mia mbili, na mtambo unasema Njambi, Njambi, Njambi. Ningeamini nini?"

Njambi akageuza shingo kwa mara ya kwanza, rasta zikachomoka mikononi mwa Selpher.

"Mtambo ulikuwa haunijui, Wambua. Wewe ulikuwa unanijua."